Maswali ya Wasomaji: Bei ya Makombora ya Kuba

Mwaka 1962 Marekani ilikuwa na vichwa vya nyuklia vingi kupita Wasovieti. Mbona Rais Kennedy alikubali kuondoa makombora yake Uturuki? (Msomaji, Morogoro)

Vilikuwa vingi kweli, zaidi ya 25,000 kwa 3,000 na ushei. Lakini kombora moja tu likifika Washington, hesabu hiyo haina maana tena. Zaidi ya hapo, makombora ya Kisovieti yalikwishafika Kuba, kilomita 150 hivi kutoka Florida. Aliyekwisha kuweka vitu vyake anatulia. Anayetaka viondoke ndiye mwenye kuhangaika.

Oktoba 22 Kennedy alitangaza kwamba manowari zake zitazuia silaha kuingia Kuba. Aliita hatua hiyo karantini, maana mzingiro kisheria ni kitendo cha vita. Ilipoanza tarehe 24, sasa nahodha wa Kisovieti ndiye wa kuamua: ageuze, au alazimishe kupita na kuanzisha vita. Tena haikuendeshwa kwa pupa. Meli ya mafuta Bucharest iliachwa ipite tarehe 25. Kesho yake ikapekuliwa Marucla, iliyokodiwa na Wasovieti ila ikipeperusha bendera ya Lebanon, ikaruhusiwa kuendelea. Ujumbe umefika, bendera ya Moscow haijaguswa.

Karantini, hata hivyo, haiondoi kilichokwisha kushushwa bandarini. Hapo ndipo bei ilipotajwa. Barua ya Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, ya tarehe 26 ilitaka ahadi kwamba Kuba haitavamiwa. Ya tarehe 27, iliyosomwa redioni, ikaongeza kuondolewa kwa makombora ya Uturuki. Siku hiyohiyo ndege ya upelelezi ya U-2 ilitunguliwa Kuba na rubani wake, Meja Rudolf Anderson, akafa. Usiku Robert Kennedy, mdogo wa Rais na Waziri wa Sheria, akamwita Balozi wa Kisovieti Dobrynin wizarani kwake: Jupiter, yaani makombora ya Uturuki, zitaondoka baada ya miezi michache, lakini likisemwa hadharani, hakuna mapatano.

Jupiter zenyewe zilikuwa 15, za mafuta ya maji, zimesimama peupe. Kuzipiga kulikuwa rahisi na kuziandaa kulichukua muda. Kennedy aliuza mali aliyokuwa tayari kuitupa. Alichoogopa ni fedheha mbele ya washirika wa NATO, ndiyo maana Dobrynin alipoleta barua yenye kuandika mapatano hayo, Robert aliirudisha. Aprili 1963 zikaondolewa. Kwa maoni yetu, Khrushchev ndiye aliyelipia siri hiyo: dunia ilimwona ameshindwa, naye hakuweza kuonyesha alichopata.

Kwa nini wakubwa hawa walijibizana redioni? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kuwa njia rasmi ilikula nusu siku: kuficha maneno kwa msimbo, kutuma, kufumbua, kutafsiri. Telegramu za ubalozi wa Kisovieti mjini Washington zilichukuliwa na tarishi wa Western Union kwa baiskeli! Oktoba 28 Khrushchev alikubali kuondoa makombora Kuba, akatangaza kupitia Redio Moscow ili jibu lisichelewe. Laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow ilianza Agosti 30, 1963, nayo haikuwa simu nyekundu ya kwenye sinema bali mashine za kuchapa maandishi, kila upande ukiandika kwa lugha yake. Maandishi humpa msomaji nafasi ya kupumua kabla ya kujibu.

Castro, kiongozi wa Kuba, alipata nini? (Msomaji, Bujumbura)

Hakushirikishwa katika mapatano. Akakasirika, akawakatalia wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kukanyaga Kuba. Basi hesabu ya makombora yaliyorudishwa ikafanyika baharini: mabaharia wa Kisovieti walifunua maturubai kwenye sitaha, ndege za Marekani zikapita chini chini na kupiga picha, hadi makombora 42 yakatimia.