Kwa nini alama za hisabati?

SWALI: Programu ya breki za treni inaweza kuelezwa kwa lugha ya kawaida. Hisabati ni ya nini?

JIBU: Sentensi “breki zifunge haraka kizuizi kionekanapo” inaeleweka, lakini haipimiki. Ukiandika kwamba kwa kila wakati t ambapo kitambuzi cha vizuizi kinawaka, upo wakati u, kuanzia t hadi t + milisekunde 50, ambapo breki zimefunga, kompyuta yenyewe inaweza kukagua iwapo muundo wako unakiuka sharti hilo. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kompyuta Amir Pnueli alipendekeza mantiki ya wakati, yaani alama za kueleza kipi hutokea kabla au baada ya kipi, kwa uthibitishaji wa programu. Mantiki hiyo ilihusu mfuatano wa matukio, si urefu wa muda kati yake, hivyo milisekunde zako zinahitaji mantiki iliyoongezewa vipimo vya muda. Mimi ningeanza na masharti yanayogusa uhai wa abiria.