Usihesabu Vichwa, Pima Uzito

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, andiko langu la utafiti limerudishwa. Nimefungua matumbo ya sangara mpaka mikono inanuka, eti sijaonyesha nani anamla nani." Nilicheka, kisha roho ikaniuma, maana yalinikuta hayo hayo.

Mwaloni Mwanza nilikuwa nasubiri wachinjaji watoe bondo (kibofu cha hewa cha sangara; hilo lina bei, hakuna atakayekuachia), ndipo nipewe matumbo. Tumbo moja silisahau: uduvi 37 na furu mmoja, yule samaki mdogo wa ziwani, mkia umeshaanza kuyeyuka. Nikaandika kwa kujiamini kwamba sangara anaishi kwa uduvi. Msimamizi wangu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Huyo furu ulimpima?" Sikumpima. Kicheko kile bado nakisikia. Nikaazima mizani ya sonara: furu yule peke yake aliwazidi uduvi wote mara tatu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, pima. Bayomasi, yaani uzito wote wa kiumbe fulani mahali fulani, ndiyo inayokuambia nani anamlisha nani. Litazame ziwa lenyewe. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Kabla hajashamiri, furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ghuba ya Mwanza walikuwa wamebaki kiduchu. Uzito wa furu umeporomoka, wa sangara umepaa: hata tumbo hujafungua, umeshaanza kumshuku mlaji. Furu walipokwisha, uduvi na dagaa wakaongezeka, na sangara akawageukia hao, na watoto wake mwenyewe pia.

Lakini shuku tu, usihukumu. Miaka ile ile maji yalijaa mwani na hewa ikapungua kule chini, nako kuliwaumiza furu. Ndiyo maana matumbo yanabaki kuwa shahidi. Tena uzito mdogo usikudanganye: uduvi huzaliana haraka, basi wachache walioko leo wanaweza kulisha wengi mwaka mzima. Nyie vijana mnapima siku moja mnakimbilia kuandika. Pimeni masika, mpime na kiangazi. Pimeni!

Andiko langu lilipita mara ya pili, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote akaja kuniomba ile mizani. Nilimpa, ila nilimchelewesha wiki mbili.

Msomaji wangu nimemwambia arudie matumbo yake kwa mizani. Kajibu ameshayatupa.