Pete ya Askofu Casaldáliga

Ndugu, umeuliza kama kuna askofu aliyewahi kusimama kweli na wenyeji wa Amazon, au ni maneno ya mimbarini tu. Yupo: Pedro Casaldáliga, Mhispania wa shirika la Waklareti, aliyefika Brazil mwaka 1968. Alipopewa daraja ya uaskofu wa São Félix do Araguaia, huko huko Brazil, mwaka 1971, mitra yake ilikuwa kofia ya majani makavu, na fimbo yake kasia la Watapirapé, kabila la wenyeji wa huko. Pete yake haikuwa ya dhahabu, ilikuwa nyeusi, ya mbegu ya mtucum, mti wa jamii ya mchikichi.

Mwaka huohuo akatoa waraka ukiwashutumu mabwana mashamba waliopora ardhi ya wenyeji na wakulima wadogo. Oktoba 1976 yeye na Padre João Bosco Burnier walikwenda kituo cha polisi kuwatetea wanawake wawili waliokuwa wakiteswa. Padre akapigwa risasi pale pale, kando yake, akafa kesho yake. Casaldáliga hakuhama. Hata mwaka 2012, mzee wa miaka 84, mgonjwa, alitishiwa kuuawa kwa kutetea ardhi ya Waxavante, kabila jingine la wenyeji. Alifariki Agosti 2020, akazikwa kandokando ya mto Araguaia. Mimi namheshimu mno.