Muulize Shangazi: "Sitaki anko anipeleke chooni"

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za watoto wetu wanaoshinda mikononi mwa watu wengine, vituo vya kulelea mchana, programu za likizo, timu za mpira. Nimechukua nne tu. Majina nimeyaondoa yote kwa ajili ya watoto wenyewe.

Shangazi shikamoo. Mimi nanunua dagaa pale mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, zile siku za giza dagaa wanapopatikana natoka nyumbani saa kumi alfajiri, narudi mbio saa moja nampeleka mwanangu kituoni alafu naenda kuanika. Ni wa kike ana miaka minne. Mwanzo alipenda sana pale hata Jumapili analilia begi. Sasa hii ni wiki ya tatu tukikaribia geti ananing'ang'ania kanga analia mpaka anatapika, na usiku kaanza kukojoa kitandani wakati aliacha kitambo. Mwalimu anasema ni deko nimkazie. Juzi kamwambia bibi yake "sitaki anko anipeleke chooni". Huyo anko ni kijana wa getini, ndo anachota na maji. Naogopa kumharibia mtoto wa watu kumbe hakuna kitu, na nikinyamaza silali. Nifanyeje? – *Mama wa Kibirizi*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Kwanza kesho usimpeleke. Najua dagaa hawasubiri, omba bibi yake akae nae au jirani unayemwamini, hata ukipoteza biashara ya siku mbili tatu, lakini pale getini asirudi mpaka ujue kinachoendelea.

Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kukueleza kila kitu, yeye anaongea kwa mwili, analia, anatapika, anarudia kukojoa. Wako amefanya vyote hivyo na juu yake ametoa sentensi kamili, ina mtu, ina mahali, ina kitu asichokitaka. Hiyo inatosha kuanzia. Inawezekana kijana anamvuta mkono kwa nguvu tu au anamfokea akichelewa kumaliza, inawezekana ni kubwa kuliko hapo, mimi sijui na wewe hujui, na kazi ya kuchunguza sio yako mwanangu. Kazi yako ni kumsikiliza na kupeleka alichosema kwa watu wenye kazi hiyo.

Kumsikiliza ndo pale wazazi wengi tunaharibu, tunamkalisha mtoto kama yuko polisi, niambie ukweli, alikugusa wapi, alikugusa hapa? Mtoto mdogo ukimuuliza hivyo atakuitikia chochote ili umuachie, alafu baadae maneno yake yanaonekana ya kupandikizwa. Ongea nae mkiwa mnachambua dagaa au unamuogesha. Muulize "chooni kule kukoje?" alafu nyamaza. Akisema kitu usishtuke mbele yake wala usilie, mwambie umefanya vizuri kuniambia, sio kosa lako. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu maana itabidi useme. Maneno yake yaandike kwenye daftari yalivyo bila kuyapamba, weka na tarehe, na usimrudishie swali lilelile kila siku.

Akitaja kuguswa sehemu za siri, au ukiona michubuko, au analalamika maumivu akikojoa, siku hiyohiyo nenda nae hospitali, ukiwa mjini hospitali ya Maweni ipo. Usimuoshe kwanza, na nguo aliyovaa usiifue. Kuna dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi ambazo zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ni bora zaidi, kwahiyo mambo ya kusubiri kikao cha ukoo yaache kabisa. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usielezee habari ya mwanao pale kaunta mbele ya watu. Na hata kama hakuna dalili yoyote mwilini, hiyo sentensi yake ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Kama hujui pa kuanzia piga 116, ni namba ya watoto, ni bure.

Kuhusu kumharibia kijana, nakuelewa, ni roho nzuri hiyo. Lakini kusema "mwanangu amesema hivi" sio hukumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya eneo lake, kwahiyo asikwambie mtu kwamba ni umbea. Kinachoharibu watu ni kwenda pale na wajomba na fimbo. Kama hana kosa mtakuwa mmempiga mtu bure, na kama analo mtakuwa mmempa nafasi ya kukimbia, hapo mtoto hajasaidika.

Alafu kuna jambo nataka ulione hata kama ikija kuonekana kijana hakufanya kitu. Kwanini mtu wa getini anapeleka watoto chooni? Hilo ni kosa la kituo. Mimi nimelea watoto kituoni miaka mingi hapo Mwanga, tulikuwa na choo nyuma ya jiko, unapita kwenye rundo la kuni, mlango mzima wa bati ukiufunga hakuna anayejua kilichomo. Tulikuwa na kakijana kamoja kanajibana kutwa nzima mpaka kwao, tunafikiri ana aibu tu kumbe anaogopa lile giza. Tukaita fundi akakata ule mlango juu, ikabaki nusu ya chini, mtoto akichuchumaa anasitirika vizuri ila mlezi aliyesimama nje mnamuona kutoka jikoni. Tukabandika karatasi ukutani ya zamu, walezi wawili kwa siku na majina yao, hakuna mwingine kwenda na mtoto chooni hata akiwa mkuu wa kituo. Na kila mtoto tukamfundisha kujisafisha mwenyewe na kopo dogo. Yule kakijana wiki ile ile akaanza kwenda. Gharama yake ilikuwa fundi wa nusu siku.

Kwahiyo ukija kutafuta kituo kingine usiangalie rangi za ukutani na midoli. Omba kuona leseni, maana kituo cha kulelea watoto kinatakiwa kisajiliwe, halmashauri watakwambia kama kinajulikana. Uliza choo kiko wapi na nani anaenda nao, uliza akija mtu mwingine kumchukua mnafanyaje, siku moja tokea saa nne bila taarifa uone kama utaruhusiwa kuingia. Kituo kinachokuzuia kumuona mwanao, ondoka.

Shangazi habari. Mimi ni kijana wa Ujiji, miaka 24, najitolea kufundisha watoto kuchora na michezo kwenye programu ya likizo. Mwaka huu wasimamizi wameleta masharti, barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini wawili, marufuku kukaa na mtoto mmoja ndani, marufuku kumpakia kwenye pikipiki, marufuku kuchat nao. Hawa watoto nawapenda kama wadogo zangu, kwanini nifanywe mshukiwa? – *Mchoraji*

Salama mwanangu. Maumivu yako nayaelewa, ila nikuulize, wasimamizi watajuaje kwamba upendo wako ni wa kweli? Mwenye nia mbaya nae anasema hivyo hivyo, nawapenda kama wadogo zangu, na mara nyingi ndo mcheshi na mwepesi wa kujitolea kuliko wote. Usoni haisomeki. Ndo maana masharti yanawekwa kwa kila mtu, imamu, mchungaji, mwalimu, wewe. Ukipanda boti kwenda Kalemie jaketi la kuokolea unavaa hata kama umezaliwa Bangwe na unaogelea kama samaki, na hakuna anayesema nahodha amekudharau.

Na tatizo lenyewe sio la kufikirika. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili kwa watoto uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 uligundua karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sasa hesabu watoto unaokuwa nao pale kwenye mkeka wa kuchorea.

Masharti haya yanakulinda na wewe. Siku moja alikuja mjomba wa mtoto kituoni kwetu, namjua kabisa, tunasali wote, anataka kumchukua mpwa wake. Jina lake halikuwepo kwenye daftari la wanaoruhusiwa. Nikamkatalia, akafoka pale getini watu wakajaa, mimi natetemeka. Nikampigia mama mtu, na yeye nae akanifokea kwenye simu kwamba namdhalilisha kaka yake. Nikamwambia basi njoo uandike jina lake, akaja kakasirika, akaandika, wakaondoka. Ile siku nililala vizuri kwakuwa sikuamua kwa kumwangalia mjomba usoni, niliamua kwa daftari. Na mjomba baadae alikuja akachukua mtoto mara nyingi tu hakuna ugomvi.

Ila masharti yasikufanye uwe jiwe. Mtoto akidondoka akalia mbebe, mpanguse, hapo hapo uwanjani mbele ya watu. Mwingine hapendi kushikwa, muulize "nikupe mkono?" akikataa usichukie. Waite kwa majina yao, hizi tabia za kumuita mtoto kibonge au yule yatima wa kule ni kuwavunjia heshima na wanakumbuka mpaka uzee. Na kuna kitu kimoja kwenye hayo masharti yenu sijakiona, mtoto akiwa na malalamiko juu yako wewe anamwambia nani? Waulize wasimamizi. Awepo mtu mmoja, ikiwezekana mwanamke na mwanaume, watoto waonyeshwe siku ya kwanza kabisa, huyu hapa, ukiona kitu hujakipenda mwambie, hata kama ni mimi.

Shangazi, mwanangu yuko kwenye programu ya chakula na masomo ya ziada hapa Gungu. Nimeoneshwa picha yake Facebook ameshika bakuli la uji, shati limechanika, wameandika jina lake na kwamba baba yake hana kazi. Shuleni wanamcheka. Nikisema watamtoa kwenye programu? – *Baba wa Gungu*

Ndugu yangu, uji sio malipo ya picha. Imeniuma hii, kwasababu wanaofanya hivi wengi ni watu wema kabisa wanaotafuta msaada wa kununua huo unga, lakini mtoto anabaki na hiyo picha maisha yake yote.

Nenda kaongee na msimamizi kwa utulivu, uwe na barua fupi mkononi, sema unataka picha na maelezo yatolewe na wasimpige picha tena bila ruhusa yako na bila kumuuliza yeye mwenyewe. Hata mtoto wa miaka saba anaulizwa, na akisema hapana ni hapana. Kama ulisaini fomu siku ya kumuandikisha omba uione, mara nyingi ruhusa ya picha imefichwa humo katikati, na unaweza kuiondoa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, taarifa za watoto zimewekwa kundi la taarifa nyeti, na wakikugomea Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Wakikutishia kumtoa mtoto nenda ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Na kama wanahitaji kuonyesha kazi yao wapige picha ya mchoro aliochora, ya sufuria la uji, na watoto wawapige picha kwa nyuma wakiwa wanakimbia uwanjani.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 15 nacheza mpira kwenye kituo cha vijana. Kocha amenipa viatu na ananitumia meseji usiku, anasema nisimwonyeshe mama. Anataka nikalale kwake siku moja kabla ya mechi, mimi peke yangu. Sitaki ila akinitoa timu nimeisha. Mimi ni mwanaume naona aibu kumwambia mtu. – *Winga*

Marahaba mwanangu. Asante kwa kuniandikia, najua haikuwa rahisi.

Usiende kulala kwake. Hakuna mechi inayohitaji mchezaji mmoja alale kwa kocha. Mtu mzima anayekupa zawadi alafu anakwambia usimwambie mama, hata kama hajafanya kitu kingine chochote, hapo tayari amekosea yeye, wewe hujakosea popote, wala kwa kupokea viatu, wala kwa kujibu meseji. Viatu hudaiwi kitu. Na wavulana wanatokewa na haya kama wasichana, haikupunguzii uanaume wako hata kidogo. Timu zipo nyingi mjini hapa, na ukishasema ustawi wa jamii wanaweza kumfuatilia yeye wewe ukabaki unacheza, maana na wenzako wadogo bado wako pale.

Hizo meseji usizifute hata moja. Usimjibu kwa hasira, wala usimwambie kwamba utasema. Leo jioni mama akishamaliza kuosha vyombo kaa nae, na kama maneno hayatoki mpe simu azisome mwenyewe. Ukishindwa kabisa kwa mama, piga 116, hata kama huna salio inaita.