Jibu: Kiazi kinajizaa kwa macho yake, sasa maua ya nini?

Mwalimu wa Kisumu, umeuliza kwa nini kiazi kihangaike kuchanua ilhali kinajizaa chenyewe. Mimi nalima viazi Molo, kwa hiyo nakujibu kutoka shambani.

Hiyo tunayoiita mbegu si mbegu. Ni shina lililonenepa ardhini, na kila jicho ni chipukizi. Ukipanda gunia la viazi aina ya Shangi umetawanya mmea mmoja shamba zima, jeni zilezile. Kwa biashara ni raha: mwenye kibanda cha chipsi Nakuru anapata leo alichopata jana, nawe unavuna baada ya miezi mitatu au minne.

Lakini kiazi hakirithi sura peke yake, hurithi na maradhi. Virusi na bakteria wa mnyauko husafiri ndani yake msimu hadi msimu. Tena wakulima tunauza vikubwa na kubakiza vidogo viwe mbegu, na vidogo hivyo mara nyingi vimetoka kwenye mashina yaliyodumazwa na virusi. Hapo tunauchagua ugonjwa kwa mikono yetu! Siku hizi mimi huchomeka vijiti penye mashina yenye afya wakati wa maua, na mbegu yangu hutoka hapo tu. Ireland walitegemea mno aina moja, Lumper; ukungu ulipoingia mwaka 1845 ulifyeka mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja.

Sasa maua. Yakichavushwa hutoa vitunda vya kijani kama nyanya ndogo (watoto wasivile, vina sumu). Mbegu halisi zimo humo. Kiazi cha kawaida kina kromosomu 48 katika seti 4, nazo huchanganywa upya kwa kila mbegu, hata ua likijichavusha lenyewe. Niliwahi kuziotesha kitaluni: ndugu wa kitunda kimoja, lakini hiki mviringo, kile kirefu, kingine macho yamezama hata kumenya ni taabu, na vyote vidogo mno. Sokoni ungechekwa. Ila virusi vingi havivuki kuingia kwenye mbegu hizo, na katika mchanganyiko huo ndimo mtafiti huokota mche unaostahimili ukungu, kisha akauzidisha kwa macho ya viazi vyake. Aina zetu nyingi zilianza hivyo, na mche mmoja.

Wanafunzi wakitaka mfano wa mnyama mwenye njia hizo mbili za kuzaa, wageuze jani la kiazi watafute vidukari. Majike huzaa majike bila dume. Ulaya, baridi ikikaribia, madume hutokea, hupandana, na mayai ndiyo huvuka majira ya baridi. Huku kwetu hakuna baridi kali ya kuwasukuma, basi wengi huendelea tu bila madume. Ukiwa na lenzi ya mkono na subira kidogo utamwona mama akizaa mtoto hai palepale, makalio yakitangulia.