Dau limepokewa, halijafanikiwa

Msomaji wa Dodoma anaunda programu ya minada ya mtandaoni, ambamo bei mpya huonekana kwenye skrini za washiriki wote mara tu inapotajwa. Anauliza: kwenye kitufe aandike "Weka dau" au "Wasilisha zabuni"? Na je, "mnada wa muda halisi" ni Kiswahili fasaha? Ameambatanisha picha ya kazi yake.

Zabuni na mnada yote yana asili ya Kiarabu. Mnada umetokana na kuita kwa sauti, ndiyo maana tunanadi. Kuzabuni ni kutaja bei mnadani, kwa hiyo neno si kosa. Ila siku hizi zabuni imehamia kwenye bahasha: kila mtu anaandika bei yake kwa siri, zinafunguliwa pamoja, hakuna nafasi ya kuongeza. Wanunuzi wa korosho waliokuwa wakitumbukiza bei zao kwenye sanduku walikuwa wakizabuni kwa maana hiyo, ingawa shughuli iliitwa mnada. Kwako bei zinaonekana na zinapanda. Andika "Weka dau", na kwa anayerudi kuongeza, "Panda dau". Harufu ya kamari ipo, lakini magazeti ya michezo yameshatuzoesha klabu kupanda dau kwa mchezaji.

Sasa picha yako. Chini ya kitufe umeandika: "Dau lako limewekwa kwa mafanikio."

Hayo "kwa mafanikio" yamevamia kila skrini, na sitachoka kuyapinga. Umejisajili kwa mafanikio. Nywila imebadilishwa kwa mafanikio. Ombi limetumwa kwa mafanikio. Mafanikio ni ya aliyehangaika akapata: mkulima aliyevuna, mwanafunzi aliyefaulu. Nani amewahi kusema amefunga mlango kwa mafanikio? Tuna -me-, nayo inatosha kabisa: umejisajili, imebadilishwa, limetumwa. Nyongeza hiyo ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Kwingine inaudhi tu. Mnadani inatia hasara. Pikipiki inanadiwa, mnada unafungwa saa 10:00 jioni. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mtu anaweka dau la Sh800,000. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mnada, inalipokea. Anasoma "kwa mafanikio", anaweka simu chini, anaanza kuulizia bei ya helmeti. Papo hapo mwingine anataja Sh850,000, na saa inagonga. Huyu wa kwanza atalalamika kwamba ametapeliwa, nami nitakuwa upande wake, kwa sababu uliyempa ni habari ya ushindi wakati dau lake lilikuwa limepokewa tu.

Kupokewa, kuongoza na kushinda ni mambo matatu. Andika "Dau limepokewa", kisha "Unaongoza", na ujumbe ubadilike wenyewe kuwa "Umezidiwa" bei inapopanda. Usiandike "Umeshindwa" hapo, kama nilivyoona kwenye picha yako ya pili: aliyeshindwa anaondoka, aliyezidiwa bado anaweza kupanda dau. "Umeshinda" lisubiri mnada ufungwe, tena kwa saa ya seva, si ya simu ya mtu.

Kuhusu "muda halisi", ninauvumilia kwenye vitabu vya kompyuta. Mnunuzi wa pikipiki mwandikie "mnada wa papo kwa papo".