Anza na A, lakini usifuate alfabeti

Swali la wiki: "Je, kujifunza msamiati wa lugha ya kigeni kwa kukusanya maneno yanayoanza na herufi moja kunasaidia, au ni kupoteza muda?"

Mhariri, kunasaidia, tena sana, ila kwa sharti moja: herufi usizichukue kwa mpangilio wa kamusi, zichukue kwa kile zinachobeba. Nazungumzia Kihispania, lugha ninayoitumia kazini. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, na wageni kutoka Hispania, Meksiko, Argentina na Kolombia hufurahi mno wakielezwa mbuga kwa lugha yao. Nilijifunza ukubwani, kwa daftari lililogawanywa kwa herufi, na bado naliandika.

Nianze na sababu. Kila mtu anaijua hali ya neno kukaa kwenye ncha ya ulimi likakataa kutoka. Mwaka 1966 wanasaikolojia wa Marekani Roger Brown na David McNeill waliichunguza hali hiyo, wakakuta kwamba mara nyingi mtu aliyekwama huikumbuka herufi ya kwanza ya neno analolitafuta, hata kama neno lenyewe halijamjia. Kumbe mwanzo wa neno ni mshiko ambao akili inao tayari. Anayejizoeza kuyaita maneno kwa herufi zake anaushika mshiko huohuo.

Vitabu vingi vya kujifunzia hupanga maneno kwa mada: leo rangi zote, kesho nguo zote, keshokutwa vyombo vya jikoni. Yanapendeza kwenye ukurasa. Hata hivyo watafiti wa ujifunzaji wa lugha, Thomas Tinkham mwaka 1993 na Rob Waring mwaka 1997, walionyesha kwamba maneno ya kundi moja la maana yakifundishwa kwa pamoja huchukua muda mrefu zaidi kushika kuliko maneno yasiyohusiana, kwa sababu yanaingiliana. Mwalimu akikupa cuchara na cuchillo siku moja, yaani kijiko na kisu, kesho yake utaomba kijiko ukiwa na nyama mbele yako. Orodha ya herufi huchanganya maana: chini ya C kuna nyumba, mkia na chakula cha usiku (casa, cola, cena), na kila neno linasimama peke yake.

Sasa nije kwenye A, na hapa nitakaa, maana kwa Mswahili hii ndiyo herufi yenye neema kuliko zote. Fungua kamusi ya Kihispania mwanzoni kabisa, utakutana na azúcar, azafrán, aceituna, alcanfor, ajedrez. Yasome polepole, kisha uyavue mwanzo wake: sukari, zafarani, zeituni, kafuri, sataranji. Waislamu waliingia Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka mwaka 1492. Katika karne hizo wenyeji waliyapokea maneno ya Kiarabu pamoja na al yake, kile kineno cha Kiarabu kinachotangulia majina, au pamoja na sauti ambayo al hugeuka ikikutana na s, z au d. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuliyapokea mengi ya maneno hayohayo kwa njia ya bahari, na mara nyingi al tukaiacha, ingawa imebaki kwetu pia katika Alhamisi, alasiri na alfajiri.

Ndiyo maana kwetu A siyo herufi ya kukariri. Ni ya kutambua jamaa. Wengine wamebadilika kazi: alguacil ni waziri kwa asili, lakini Hispania ni afisa mdogo anayetekeleza amri za mahakama. Alcalde ametoka kwenye kadhi, siku hizi ni meya. Aduana imetoka mlemle ilimotoka diwani yetu, nayo maana yake ni forodha. Alcázar ni kasri, na hapo hakuna kilichobadilika. Tahadhari ni moja tu: si kila al ni ya Kiarabu. Alto (mrefu), alma (roho), alumno (mwanafunzi) na alegre (mwenye furaha) ni Kilatini kitupu, kwa hiyo usiyatafutie ujamaa usiokuwepo.

A hiyohiyo inafundisha sarufi. Kihispania kina ngeli mbili za majina, ya kiume na ya kike. Ya kiume hutanguliwa na el, ya kike na la. Lakini jina la kike likianza na a yenye mkazo, katika umoja hupewa el: el agua (maji), el ave (ndege), el águila (tai). Kivumishi hakidanganyiki, kinabaki cha kike: el agua fría (maji baridi), el águila negra (tai mweusi). Na kwenye wingi kila kitu kinarudi mahali pake: las aguas, las aves. Acacia, mti wetu wa mgunga, mkazo wake uko kwenye silabi ya pili, kwa hiyo ni la acacia. Árbol, mti, ni mwanamume tangu kuzaliwa: el árbol alto, los árboles altos. Sentensi ninayowapa vijana wanaoanza kazi hii ni El águila está en la acacia, cerca del agua, yaani tai yuko kwenye mgunga, karibu na maji. Maneno matatu ya A, yote ya kike, na kanuni nzima imo ndani. Sisi tuliozoea upatanisho wa kisarufi, mti mrefu, miti mirefu, hatuna sababu ya kuogopa jambo hili. Tofauti ni kwamba ngeli yetu inajionyesha mwanzoni mwa neno, ya kwao mara nyingi iko mwishoni, na ndiyo maana katika daftari la herufi kila jina lazima liandikwe na el au la yake pamoja na kivumishi kimoja. Bila hivyo umeandika nusu ya neno.

Herufi ya pili ninayoipendekeza ni E. Kihispania hakikubali neno lianze na s ikifuatwa na konsonanti nyingine. Kinatanguliza e. Ukishalijua hilo, angalia maneno ambayo tayari unayo: stesheni ni estación, skuli ni escuela, staili ni estilo, studio ni estudio, sponji ni esponja, skana ni escáner. Anayejua Kiingereza atapata mamia zaidi kwa njia hii, na ataacha kuwashangaa Wahispania wanaoweka e mbele ya kila neno la kigeni la aina hiyo.

Kisha kuna Ñ, ambayo watu huiruka kwa sababu maneno yake hayajazi hata kurasa chache za kamusi. Kwa anayefanya kazi Serengeti au Maasai Mara, Ñ ina neno moja linalotosha kumlipa mshahara: ñu, nyumbu. Sauti ni ileile ya ny yetu, hakuna cha kujifunza. Los ñus cruzan el río, nyumbu wanavuka mto, na gari zima linasimama wima na kamera. Mgeni amesafiri kutoka Madrid kwa ajili ya sentensi hiyo.

LL nayo ni ndogo, lakini karibu kila neno lake ni la kila siku: llegar kufika, llevar kupeleka, llamar kuita, llover kunyesha, llave ufunguo, lleno imejaa, lluvia mvua, na llanura, uwanda, neno ambalo huwezi kuizungumzia Serengeti bila hilo. Walio wengi huitamka kama y yetu. Ukinunua kamusi ya mitumba, angalia mwaka wake. Hadi mwaka 1994 vyuo vya lugha ya Kihispania vilipobadili utaratibu, ch na ll zilipangwa kama herufi zinazojitegemea, hivyo llanura utaikuta baada ya maneno yote ya L. Katika kamusi mpya imo ndani ya L. Mwaka 2010 zikaondolewa rasmi kwenye alfabeti, ambayo sasa ina herufi 27.

Hatari ya njia hii iko kwenye H, na hapa nawaelewa wanaoipinga. H haitamkwi. Ukikusanya maneno yake kwa pupa utapata hombre mwanamume, hombro bega, hambre njaa na hembra jike, mfululizo, na yote manne yatakuwa uji. Katika kazi yetu hembra hutajwa kila siku, kwa sababu mgeni lazima aulize kama yule simba ni dume au jike. C ina mtego kama huo: caballo ni farasi, cabello ni nywele, cebolla ni kitunguu, cabra ni mbuzi, na cebra ni punda milia. Dawa yake ni kutenganisha. Liingize moja, liache likomae ndani ya sentensi zako, ndipo ulilete linalofanana nalo. Siku hembra na hambre zote zikishatulia, ziweke pamoja kwa makusudi: La hembra tiene hambre, jike ana njaa. Na uone zawadi iliyomo: wao husema "ana njaa" kama sisi. Tengo hambre, tengo sed, tengo miedo: nina njaa, nina kiu, nina hofu.

Kwenye H hiyohiyo kuna neno ninalolipenda kuliko mengi, hasta. Limetokana na Kiarabu kama hata yetu. Hasta los niños lo saben: hata watoto wanalijua hilo. Linabeba pia maana ya "mpaka", hasta mañana, mpaka kesho, na wasomaji wa hadithi za zamani wanakumbuka kwamba hata ya Kiswahili nayo iliwahi kutumika hivyo sana. Ukiwa kwenye O, usiipite ojalá, ambayo ina jina la Mungu ndani yake kama inshallah, na husemwa na Wakristo wa Meksiko bila kujiuliza.

B, M na V zipitie kwa njia ya Wareno, waliokuwa pwani yetu tangu safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498. Maneno waliyotuachia yanakaribiana na ya Kihispania: bandera ni bendera, mesa ni meza, vino ni mvinyo. K na W usizipotezee muda, ni maneno ya kuazima kama kilo na kiosco. C na P ni kubwa mno. Usijaribu kuzimaliza, chagua yale ya kazi yako tu. Muuguzi atachukua corazón na cabeza, moyo na kichwa, fundi atachukua clavo, msumari, mimi nikachukua cuerno, colmillo, cachorro na camino: pembe, jino la tembo, mtoto wa simba, njia. Orodha ya mtu mwingine, hata iwe ndefu namna gani, haitakuhudumia.

Wageni wenyewe wana mchezo wa utotoni unaofanya kazi hii vizuri kuliko daftari. Meksiko huuita Basta, Argentina Tutti Frutti: inatajwa herufi, kila mtu anaandika jina la mtu, mnyama, tunda, mji na kitu, vyote vikianza na herufi hiyo, anayemaliza kwanza anasimamisha. Tukiwa na familia kwenye gari, tunasubiri nyumbu wajitose Mto Mara, na kusubiri huko kunaweza kuchukua saa nyingi, mimi huwaomba watoto tucheze. Wananipa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu changu chochote, kwa matamshi ya kwao. Kwa kila neno jipya namuuliza aliyelitaja: el au la? Kisha namuomba anitungie sentensi, na sentensi yake ndiyo inayoingia kwenye daftari, chini ya herufi yake.